Rudolf Diesel na Tone la Mazutu

Kamio likipanda mlima na mzigo mzito, sauti yake husikika mbali. Mtoto aliye shambani huweza kusema, bila kuliona, kwamba lile ni kamio la mazutu wala si motokari ya esansi, maana moteri yake hugonga kama nyundo nyingi. Moteri ya namna hiyo huitwa dizeli. Neno hilo si jina la chuma wala la mafuta. Ni jina la mtu, Rudolf Diesel, aliyehangaika miaka mingi na swali hili: mafuta yaingie ndani ya moteri wakati gani, na yakatwe wakati gani?

Rudolf alizaliwa Paris, katika Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, watu wa nchi ya Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa vitu vya ngozi, wala hakuwa tajiri. Kazi ilipokwisha, Rudolf mwenyewe aliwapelekea wanunuzi vitu vyao kwa gari la mkono, akipita katika njia za mji ule mkubwa. Akipata nafasi, alikwenda katika nyumba ya makumbusho kutazama mashini za zamani. Humo lilikuwamo gari la mvuke la Cugnot, lililotengenezwa karibu miaka 100 kabla yake. Watoto wengine walicheza nje, naye alikaa mbele ya vyuma vile akivichora.

Mwaka wa 1870 vita ikatokea kati ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokaa Paris wakalazimika kuondoka. Theodor akavuka bahari pamoja na jamaa yake mpaka London, na huko maisha yalikuwa magumu. Basi wazazi wakamtuma Rudolf kwenda Augsburg, kwa jamaa yao Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Alisafiri peke yake, naye alikuwa na miaka 12 tu.

Kule Augsburg alipata chakula, kitanda na masomo mazuri. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa enjinieri. Akawa wa kwanza katika darasa lake. Lakini baba na mama walitaka aache masomo aanze kutafuta fedha, kwa kuwa nyumba ilikuwa na shida. Mwaka wa 1875 chuo kikubwa cha ufundi cha München kikamkubali na kumlipia masomo. Rudolf akaenda, ingawa wazazi hawakupenda.

Katika chuo kile alifundisha Carl von Linde, mtu mwenye sifa katika elimu ya joto na baridi. Siku moja, mwaka wa 1878, Linde aliwaeleza wanafunzi habari za mashini ya mvuke. Alisema kwamba mtu akichoma makaa chini ya mashini ile, katika mafungu 100 ya joto, mafungu 6 mpaka 10 tu ndiyo yanayofanya kazi. Mengine yote hupotea hewani. Rudolf alishtuka. Alifikiri juu ya watu wanaochimba makaa chini ya ardhi, na juu ya fedha za maskini zinazokwenda na moshi. Akaandika kando ya ukurasa wa daftari lake kwamba inafaa kutafuta njia nyingine. Hakusahau maneno yale maisha yake yote.

Mwaka wa 1879, siku za mtihani wa mwisho zilipokaribia, aliugua homa ya matumbo, wenzake wakafanya mtihani bila yeye. Alipopona alikwenda Winterthur, katika Uswisi, akafanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, mikono yake ikashika vyuma. Mwezi wa Januari 1880 akarudi München, akafanya mtihani, akapata alama kubwa sana. Halafu akarudi Paris kumsaidia Linde katika kazi ya mashini za kutengeneza barafu. Mwaka wa 1883 akamwoa Martha Flasche. Wakapata watoto watatu.

Mchana alifanya kazi ya barafu, usiku alifikiri juu ya moto.

Mtu akitaka kufahamu fikira zake, achukue pompi ya baiskeli. Azibe tundu lake kwa kidole, kisha asukume kwa nguvu mara nyingi. Pompi itapata moto mkononi. Joto lile halikutoka penye moto wala penye jua. Limetoka katika hewa iliyobanwa. Diesel alijua kwamba ukiibana hewa kwa nguvu nyingi sana ndani ya silinda ya chuma, joto lake litapita digrii 500. Ukitia mafuta kidogo katika hewa ile, yatawaka yenyewe, bila kibiriti na bila cheche ya umeme. Moteri ya esansi huvuta hewa na esansi pamoja, kisha huwashwa kwa cheche. Moteri ya Diesel huvuta hewa tupu, huibana mpaka iwe moto kabisa, na mwisho ndipo mafuta yanapoingia.

Mwezi wa Februari 1892 aliomba hati ya serikali ya Ujerumani ili mtu mwingine asimwibie fikira hiyo. Mwaka wa 1893 akatoa kitabu cha kuieleza. Kiwanda cha mashini cha Augsburg, chini ya mkubwa wake Heinrich von Buz, kikakubali kujaribu, na kiwanda cha Krupp kikasaidia kulipa gharama.

Lakini ndani ya kitabu kile kulikuwa na kosa. Diesel alitaka kuibana hewa mara 250 kuliko hewa ya nje, kisha kutia mafuta kidogo kidogo, tena yakatwe mapema, ili joto lisizidi. Kwa hesabu ya kwanza ilionekana nzuri mno. Mwaka uleule wa 1893 aliipiga hesabu tena, akaona mambo yalivyo. Kuibana hewa kwa nguvu namna ile ni kazi kubwa, na moto mdogo kama ule hauwezi kuilipa kazi hiyo. Moteri ingekula nguvu zake zote katika kujizungusha, isibakize kitu cha kuvuta mzigo. Ilikuwa kama mtu anayepika chungu cha uji kwa kijiti kimoja cha kuni.

Wengine wangeficha kosa la namna hiyo. Diesel alipunguza kubana hewa, akaongeza muda wa kutia mafuta. Mwezi wa Novemba 1893 akaomba hati ya pili. Hati hiyo, namba 82168, ilihusu hasa kuanza na kukoma kwa mafuta: ukibadili muda wa kuyaingiza, unabadili moto ulivyo ndani ya silinda, na nguvu za moteri pia. Watu wanaitaja sana hati ya kwanza. Kwa kweli moteri zilizofanya kazi baadaye zinafanana zaidi na maneno ya hati ya pili.

Kujua neno ni jambo moja, kulifanya chuma kilitii ni jambo jingine. Tarehe 10 Agosti 1893 walijaribu moteri ya kwanza. Mafuta yaliingia, yakawaka kwa kishindo, na chombo cha kupimia kilichofungwa juu ya silinda kikapasuka, vipande vikaruka. Diesel na wenzake waliponea chupuchupu. Hata hivyo Diesel alifurahi, maana mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe. Wakaibomoa mashini, wakaitengeneza upya.

Tarehe 17 Februari 1894 moteri ilikuwa inazungushwa kwa mkanda na mashini nyingine ya kiwanda. Mara fundi mmoja akauona mkanda unavutwa kwa upande wa pili. Moteri haikuvutwa tena, yenyewe ilikuwa inavuta. Fundi yule hakusema neno, alivua kofia yake tu. Moteri ilikwenda kwa dakika moja, ikazunguka mara 88, ikasimama.

Baada ya dakika ile moja ilipita miaka mitatu ya kujaribu. Shida kubwa ilikuwa ni mdomo wa kutilia mafuta. Ndani ya silinda hewa imebanwa sana, inasukuma kila kitu kitoke. Mafuta hayawezi kuingia ila yakisukumwa kwa nguvu iliyo kubwa zaidi. Tena hayafai kuingia kama maji ya mtungi. Lazima yawe kama umande, ili kila chembe ikutane na hewa. Diesel alijaribu kuyasukuma kwa pompi peke yake, akashindwa, kwa sababu pompi za siku zile hazikuwa sawasawa ya kutosha. Basi akatumia hewa iliyobanwa na mashini ya kando, ikayapuliza mafuta kupita katika mdomo mwembamba. Ndani ya mdomo ule palikuwa na sindano ya chuma. Ikiinuka, mafuta yaliingia, ikishuka, yalikatwa. Sindano iliinuliwa na gurudumu lenye nundu. Nundu ikiwa ndefu, mlango ulikaa wazi muda mrefu. Ikiwa fupi, ulifungwa upesi.

Ili kujua mambo yanayotendeka gizani ndani ya chuma, walikuwa na chombo chenye kalamu, ambacho kilichora mstari kwenye karatasi kila pistoni ilipopanda na kushuka. Diesel aliitazama michoro hiyo kama daktari anavyoshika mkono wa mgonjwa. Mafuta yakikatwa mapema mno, moto unakufa pistoni ikiwa bado karibu na juu, na mstari unaanguka ghafula: moteri haina nguvu. Yakikatwa kwa kuchelewa, yale ya mwisho yanawaka wakati pistoni imekwisha kushuka. Joto lake halisukumi kitu tena, linatoka nje bure pamoja na moshi mweusi. Mlango ukivuja baada ya kufungwa, matone yanaungua vibaya na kuacha masizi. Waliupunguza muda, wakauongeza, wakabadili midomo na nundu, wakachora tena.

Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa München alikuja kuipima moteri. Pistoni yake ilikuwa na upana wa milimeta 250, nayo ilitembea milimeta 400. Ilitoa nguvu za farasi karibu 20. Profesa alipima mafuta ya taa yaliyotumika, akapima kazi iliyofanyika, akapiga hesabu: katika mafungu 100 ya joto, 26 yaligeuka kuwa kazi. Hakuna mashini ya moto iliyokuwa imefika hapo siku zile.

Sasa fedha zikaja kama mvua. Adolphus Busch, tajiri wa Marekani, alilipa marki milioni moja ili apate ruhusa ya kutengeneza moteri hizo kwao. Watu wa Urusi, wa Ufaransa na wa nchi nyingine wakanunua ruhusa pia. Diesel akajenga nyumba kubwa sana mjini München.

Lakini moteri iliyotii mbele ya profesa haikutii mikononi mwa watu wengine. Ya kwanza kuuzwa ilikwenda mwaka wa 1898 katika kiwanda cha vibiriti cha Kempten, nayo iliwasumbua mafundi sana. Midomo iliziba, pompi za hewa zikaharibika. Wanunuzi wengine wakanung'unika. Kiwanda kilichofunguliwa Augsburg kwa ajili ya moteri hizo tu hakikudumu. Maprofesa wengine wakaandika kwamba Diesel hakuvumbua kitu, kwa kuwa moteri haikufanana na kitabu chake cha kwanza. Diesel akaugua kichwa na kuchoka roho, akalazwa miezi kadhaa ili apumzike.

Mwaka wa 1900 palikuwa na maonyesho makubwa Paris, na moteri ya Diesel ikapata tuzo la kwanza. Penye maonyesho yale palikuwa na dizeli moja ndogo ambayo watu wachache waliitambua. Ilikuwa inakwenda kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, kwa sababu karanga zinalimwa sana katika Afrika, na mafuta ya chini ya ardhi hayako kila mahali. Moteri ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya ardhini, wala haikubadilishwa kitu ili iyapokee mafuta ya karanga. Ilikwenda vizuri. Miaka 12 baadaye Diesel aliandika kwamba mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na thamani kubwa kwa kazi hiyo.

Alifikiri pia juu ya wafanyakazi. Mwaka wa 1903 alitoa kitabu cha kueleza jinsi watu wa viwanda wangeweza kuchanga fedha kidogo kidogo, wakamiliki viwanda pamoja. Wachache walikinunua, naye alihuzunika.

Dizeli za kwanza zilikuwa nzito mno kwa motokari. Zilifaa viwanda, mashini za umeme na vyombo vya majini. Mwezi wa Februari 1912 meli ya Denmark, jina lake Selandia, iliondoka Copenhagen kwenda mpaka Bangkok, katika Asia, kwa nguvu za dizeli tu. Haikuwa na moto wa makaa, wala watu wa kutupa makaa kwa sepetu katika joto la kutisha. Mwaka uleule Diesel alisafiri Marekani, akapokewa kwa heshima.

Watu walimdhania tajiri, kumbe fedha zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa amezitia katika mashamba na biashara asizozijua vema, akapata hasara, akaingia katika madeni makubwa. Hakumwambia mtu. Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden huko Anvers, katika Ubelgiji, kwenda Uingereza kwa kazi za kiwanda. Alikula chakula cha jioni pamoja na wenzake wawili, akatembea nao kidogo juu ya meli, wakaagana. Akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda chake kilikuwa hakijalaliwa. Nguo ya kulalia ilikuwa imetandikwa tayari, saa yake ilikuwapo. Kofia na koti vilionekana juu ya meli, vimekunjwa.

Siku kumi baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti baharini. Bahari ilikuwa imechafuka, wakachukua vitu vya mifukoni tu. Eugen, mwana wa Diesel, akavitambua. Wengine walisema kwamba alijitupa kwa ajili ya madeni, wengine kwamba alianguka au alisukumwa. Hakuna aliyeona. Alikuwa na miaka 55.

Kazi aliyoshindwa mwenyewe, yaani kusukuma mafuta kwa pompi peke yake bila mashini ya hewa, ilimalizwa na wengine. Robert Bosch wa Stuttgart alianza kuishughulikia mwisho wa mwaka 1922, na mwaka wa 1927 kiwanda chake kikaanza kutengeneza pompi hizo kwa wingi. Kwa ajili yake dizeli ikawa nyepesi, ikaingia katika makamio, na tangu mwaka 1936 katika motokari ndogo pia.

Ndani ya pompi ile kila silinda ya moteri ina pistoni yake ndogo. Pistoni hiyo hupanda urefu uleule siku zote. Ubavuni mwake umechongwa mfereji wa mshazari, na katika ukuta pana tundu. Pistoni ikipanda, inaziba tundu, na mafuta yanasukumwa mpaka kwenye mdomo uitwao enjekteri. Mfereji ukikutana na tundu, nguvu inatoka, na enjekteri inajifunga papo hapo. Fimbo yenye meno huigeuza pistoni kidogo. Ikigeuzwa upande mmoja, mfereji unalikuta tundu mapema, mafuta yanakatwa upesi. Ikigeuzwa upande wa pili, yanakatwa baadaye. Kiasi kinachoingia kila mara ni kama tone moja au mawili. Katika gereji ya pompi, fundi huweka vipimo vya kioo mbele ya kila mdomo, anazungusha, anatazama kama mafuta yanalingana vyote, na kisichofanana anakirekebisha. Mwisho wa fimbo pana skurubu inayozuia mafuta yasizidi, nayo hupigwa muhuri. Shofere anayeufungua muhuri ili kamio lipande mlima upesi hupata nguvu kidogo na moshi mwingi, na baada ya muda pistoni za moteri zinaungua.

Siku hizi katika dizeli mpya kazi ya mfereji inafanywa na umeme, nao hufungua na kufunga enjekteri mara kadhaa kwa pigo moja la pistoni. Lakini makamio mengi ya zamani yangali na pompi ya fimbo na meno. Kamio likifika kileleni na kuanza kuteremka, shofere huondoa mguu, fimbo hurudi nyuma mpaka mwisho, na mafuta yanakatwa kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha moteri, na moteri inalizuia kamio lisikimbie. Moshi unakoma. Chini ya mlima shofere hukanyaga tena, na mtoto aliye shambani husikia nyundo zile zinaanza kugonga.